Dirisha la Bella: Maoni ya Msomaji na Nafasi ya Msimulizi katika Riwaya za Vijana za Stephenie Meyer

Miongoni mwa wahakiki wa fasihi kuna mazoea ya kuyapokea maoni ya msomaji kijana kwa tabasamu, kisha kuyaweka kando. Msomaji anaposema kwamba riwaya fulani ya fantasia na mapenzi ilimnyima usingizi, au kwamba mhusika wake mkuu alimchosha tangu sura ya kwanza, kauli hiyo huhesabiwa kuwa ni habari ya msomaji mwenyewe wala si habari ya kazi aliyoisoma. Mwanafunzi anayeileta katika semina huambiwa akatafute dhamira, wahusika na mandhari. Makala haya yanashikilia kwamba mazoea hayo yanaipotezea taaluma ushahidi ulio muhimu, hasa kwa mintarafu ya riwaya za vijana, ambazo aghalabu zimeundwa ili msomaji apende au achukie kabla hajapata nafasi ya kupima. Linalofaa kuulizwa ni kitu gani katika usimulizi kilichoyazaa maoni hayo.

Mfano wenye manufaa ni msururu wa riwaya za Stephenie Meyer wa Marekani: Twilight (2005), New Moon (2006), Eclipse (2007) na Breaking Dawn (2008). Kisa chake kinajulikana. Bella Swan, msichana wa miaka 17, anahama Phoenix na kwenda kuishi na baba yake katika mji mdogo wa Forks, jimboni Washington, mahali pasipokauka mvua. Huko anampenda Edward Cullen, mwenye sura ya kijana wa rika lake, ambaye kwa hakika alizaliwa mwaka 1901 na kugeuzwa mnyonya damu mwaka 1918 alipokuwa akifa kwa janga la homa ya mafua. Upande wa pili yuko Jacob Black, kijana wa jamii ya Waquileute, ambaye hujaaliwa uwezo wa kugeuka mbwamwitu. Wasomaji waligawanyika kambi mbili, ya Edward na ya Jacob, na wafanyabiashara hawakuchelewa kuuza mgawanyiko huo kwenye fulana.

Maoni mawili husikika zaidi kuhusu riwaya hizi. La kwanza ni kwamba Edward ndiye mpenzi aliyekamilika. La pili ni kwamba Bella ni mtupu, hana analolitaka ila mwanamume. Wanaotoa maoni ya pili hujiona kuwa wamewapita kwa busara wale wa kwanza. Hata hivyo, maoni yote mawili yana chimbuko moja. Bella ndiye msimulizi, na anasimulia kwa nafsi ya kwanza. Humweleza Edward kwa wingi wa maneno, ngozi yake, macho yake, ubaridi wa mikono yake, ilhali yeye mwenyewe hujieleza kwa uchache na kwa kujidunisha. Msomaji hamwoni Bella kwa sababu amekalishwa mahali pa Bella. Utupu unaolalamikiwa ni kiti, na aliyekaa kitini hakioni kiti.

Wolfgang Iser alikwisha kufafanua jinsi matini inavyoacha mapengo ambayo msomaji huyajaza kwa mali yake mwenyewe. Ni nadra, hata hivyo, kuliona pengo hilo likichapwa waziwazi kama lilivyochapwa katika New Moon. Edward anapomwacha Bella, zinafuata kurasa zisizo na kitu ila majina ya miezi: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Msomaji aliyewahi kuachwa huzijaza kurasa hizo kwa machozi. Asiyewahi kuachwa huzifunua kwa haraka na yamkini akacheka. Maoni yao yatatofautiana kama mbingu na ardhi, na ukurasa ni uleule mweupe.

Tatizo lililo zito zaidi linajitokeza dirishani. Katika Twilight, Bella anagundua kwamba Edward amekuwa akiingia chumbani mwake usiku na kumtazama akiwa amelala, bila ya idhini wala habari yake. Jambo hili lingetosha kumfanya mzazi yeyote aite polisi, na babaye Bella ndiye mkuu wa polisi wa mji huo. Lakini kinachomfadhaisha Bella ni hofu ya kile alichokisema usingizini. Kuingiliwa chumbani kunamtuliza, hata kunampendeza. Wahakiki wengi wamelaumu tukio hili kwamba linawafundisha wasichana kuuita ufuatiliaji mapenzi. Lawama hiyo ina haki yake, lakini inaishia kwenye dhamira pasipo kuufikia usimulizi. Tukio limesimuliwa na aliyekuwa amelala. Hakuona dirisha likifunguliwa. Alipata habari baadaye, kutoka kinywani mwa mtu anayempenda, tena siku ya furaha. Msomaji anayesema kwamba Edward anampenda Bella anaripoti kwa uaminifu kile alichoruhusiwa kukiona.

Kwa bahati njema, mwandishi mwenyewe ameupa uhakiki nyenzo ya kulithibitisha jambo hili. Mwaka 2008 sehemu ya rasimu ya Midnight Sun, riwaya inayosimulia kisa kilekile kwa nafsi ya Edward, ilivuja, na Meyer akaiweka kando. Kitabu kamili kilitoka mwaka 2020. Katika sura ya kwanza Edward ameketi darasa la baiolojia, harufu ya damu ya Bella imemjaa, naye anapiga hesabu ya namna atakavyowaua wanafunzi wote pamoja na mwalimu ili pasibaki shahidi. Katika Twilight, Bella alikiona kisa hiki kwa upande wake: kijana mzuri wa sura aliyekunja ngumi na kumgeuzia uso, naye akajiuliza kama ananuka. Dirisha nalo linarudi. Safari hii msomaji yuko nje yake, anasikia likikwaruza, na anamsikia aliye nje akiazimia kuja na mafuta kesho ili lisipige kelele.

Kati ya vitabu hivyo viwili hakuna tendo lililobadilika. Kilichobadilika ni nani anasema, na pamoja nacho msomaji amekabidhiwa chupa ya mafuta.

Jaribio la pili ni Life and Death (2015), lililotolewa kuadhimisha miaka kumi ya Twilight. Humo Meyer anabadilisha jinsia za takriban wahusika wote: Bella anakuwa Beau, Edward anakuwa Edythe. Nia yake, kama anavyoieleza katika utangulizi, ni kuwajibu waliodai kwamba Bella ni msichana dhaifu wa kuokolewa kila mara. Kwake yeye, Bella ni binadamu wa kawaida aliyezungukwa na viumbe wenye nguvu kupita kiasi, na mvulana angekuwa na udhaifu uleule. Jibu hili lina ukweli nusu. Edythe ana uwezo wote wa kuua alio nao Edward, lakini si rahisi kwa msomaji kumwogopa kwa kadiri ileile, kwa kuwa anaingia kitabuni akiwa na maarifa yake kuhusu nani humdhuru nani duniani. Hapa hoja ya makala haya haina budi kupunguzwa makali: nafasi ya msimulizi huyaelekeza maoni ya msomaji, lakini haiyaumbi kutoka patupu.

Ni vyema kukumbuka kwamba fantasia haikuwa lazima ijengwe hivi. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze (1952) ana jini, ana ndugu wawili waliogeuzwa manyani, ana husuda na usaliti baharini. Lakini ndugu hao wanaitwa Hasidi na Mwivu. Hukumu imetangulia katika majina, na msomaji anaanza kusoma kesi ikiwa imekwisha kuamuliwa. Wako wanaoliona hili kuwa ni upungufu, wakisema linamnyima msomaji uhuru. Lakini uhuru anaoutoa Meyer ni wa namna gani, ikiwa msomaji yuko huru kuchagua kati ya Edward na Jacob tu, naye amefungiwa ndani ya macho ya msichana mmoja? Shaaban Robert hafichi kwamba anaongoza.

Suzanne Collins katika The Hunger Games (2008) anatumia vilevile nafsi ya kwanza ya msichana, kwa matokeo tofauti kabisa. Katniss hajui kama anampenda Peeta. Anambusu pangoni akijua kamera zinatazama, na malipo ya busu ni chungu cha supu kutoka kwa wafadhili. Msomaji anayetaka mapenzi analazimika kuyatamani huku akiijua bei yake.

Katika Breaking Dawn maoni ya wasomaji yalionyesha ukali ambao wahakiki wangepaswa kuuonea wivu. Wengi waliokuwa wameupenda msururu huu walikasirika, hasa kwa sababu ya Jacob, ambaye kwa nguvu isiyozuilika ya jamii ya mbwamwitu anafungamanishwa na mtoto mchanga wa Bella na Edward. Walisema wanachukizwa, na walikuwa na haki ya kuchukizwa, lakini ndani ya karaha hiyo mna hoja ya muundo. Kwa vitabu vitatu waliahidiwa uchaguzi wenye gharama: Bella akimpata mmoja, mwingine ataumia. Kitabu cha nne kinaifuta gharama hiyo kwa mazingaombwe, kisha kinakusanya majeshi mawili kwenye theluji na kuyarudisha nyumbani bila ya vita. Ni udhaifu mkubwa wa kisanaa, na waliouona mapema ni wale waliokuwa wakipenda.

Janice Radway, katika Reading the Romance (1984), aliwasikiliza wanawake 42 wa mji mmoja wa Marekani waliokuwa wasomaji wakubwa wa riwaya za mapenzi. Alikuta kwamba hawakuwa mazuzu wa vitabu vyao. Walivibagua, walivikataa vyenye wanaume katili, na walithamini kitendo chenyewe cha kusoma kwa kuwa kiliwapa saa ambayo mume na watoto hawakuweza kuidai. Uchunguzi wa namna hiyo kwa wasomaji vijana hauna budi kukabiliana na swali gumu ambalo Midnight Sun imeliacha wazi. Wako wasomaji waliokimaliza kitabu hicho, wakayasikia mahesabu ya mauaji na mkwaruzo wa dirisha, na wakampenda Edward kuliko walivyompenda walipokuwa wakitazama kwa macho ya Bella. Haiwezekani kudai kwamba hao walifichwa kitu. Kwao mafuta kwenye bawaba za dirisha yalikuwa ni adabu ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.