Nani Atakubishia?

Ndugu wahakiki wenzangu, insha zetu zina ugonjwa, na mgonjwa wa kwanza ni mimi. Mwaka wa kwanza niliandika juu ya Kusadikika cha Shaaban Robert, nikafungua hivi: "Katika insha hii nitajadili dhamira mbalimbali zinazojitokeza, kama vile haki, uongozi mbaya na umuhimu wa elimu." Mhadhiri hakukata hata neno moja. Aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Nani atakubishia?" Nikapata C.

Nilikasirika, bwana. Haki imo kitabuni, uongozi mbaya umo, sasa kosa liko wapi? Ilinichukua muda kung'amua kwamba nilikuwa nimetaja mada tatu na hoja sina hata moja. Hoja kuu ni dai ambalo mtu aliyesoma kitabu hicho hicho kwa makini anaweza kulikataa, na mwamuzi akawa kitabu chenyewe, si madesa ya mwaka jana. Siubezi mpango wetu wa fani na maudhui, unasaidia kusoma. Ila tumeugeuza fomu ya kujaza.

Basi nikaanza upya. Kwa kuwa kitabu kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, nikaandika: "Kusadikika ni kitabu cha uasi dhidi ya ukoloni." Hapo angalau kuna dai. Nikamsomea mwenzangu wa chumbani, akacheka. "Uasi gani? Karama anashitakiwa kwa kufundisha sheria, halafu anajitetea mbele ya mfalme yule yule, kwa adabu, siku baada ya siku. Hivi muasi ndivyo afanyavyo?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma mwaka wa kuchapishwa, kitabu nikakiruka.

Nikajaribu tena: Karama hadai serikali mpya, anadai serikali iliyopo iwasikilize wajumbe iliowatuma yenyewe. Mwenzangu hakuinua hata kichwa. "Na wale sita waliorudi wakatiwa gerezani?" Ndiyo, hao nilikuwa nimewasahau, kwa sababu waliniharibia dai langu. Nadhani wengi wetu hufanya hivyo: tukio likitupinga tunalipita kimyakimya, tukiomba msahihishaji naye awe amelisahau.

Safari hii sikuwakwepa. Niliwaingiza ndani ya sentensi yenyewe: "Ingawa Kusadikika kinaonyesha utawala unaowaadhibu wajumbe wake wenyewe, matumaini yake yote kimeyaweka katika baraza lile lile linaloadhibu, na huo ndio udhaifu wake." Hilo neno "ingawa" lilinifanyia kazi kuliko kurasa zangu tatu za kwanza. Wafungwa sita sasa wakawa ushahidi.

Hata fani, ambayo kwa kawaida tunaibandika mwishoni kama kiraka (mandhari, wahusika, mtindo, kwisha), ikapata kazi. Kwa nini sehemu kubwa ya kitabu ni hotuba za mshitakiwa, wakati Majivuno, mshitaki, anapewa nafasi ndogo? Kwa nini safari sita, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, tunazipata kwa kinywa cha Karama barazani? Kwa sababu kitabu kinaamini kwamba neno likisemwa vizuri mbele ya mwenye nguvu litashinda. Na kweli linashinda: Karama anaachiwa, wafungwa wanafunguliwa. Kwangu ushindi huo ni mwepesi mno. Mfalme aliyewafunga sita anageuzwa na maneno matupu? Ndivyo nilivyoandika, na najua baadhi ya walimu wetu hawatapenda kusikia hivyo kuhusu Shaaban Robert.

Mwenzangu naye hapendi. Anasema mwisho ule haukuandikwa kutueleza wafalme walivyo, bali kuwaaibisha kwa kuwaonyesha mfalme mmoja aliyesikiliza. Ndiyo hoja kuu ya insha yake. Nimeisoma mara mbili, na bado natafuta ukurasa wa kumjibu.