Ukwapi na Utao Pale Dallas

Uwanja wa Cotton Bowl mjini Dallas una viti zaidi ya 92,000, na Jumamosi moja ya Oktoba kila mwaka viti hivyo hugawanywa nusu kwa nusu. Nusu ya tiketi za mechi huenda Chuo Kikuu cha Texas, nusu Chuo Kikuu cha Oklahoma. Mgawanyo hufuata mstari wa yadi 50, ule unaoukata uwanja katikati, na mstari huo hauishii kwenye nyasi. Unapanda jukwaani safu baada ya safu mpaka viti vya juu kabisa. Huku watu wote wamevaa rangi ya chungwa iliyokolea. Kule wote wamevaa damu ya mzee. Palipo mpaka, shabiki wa huku na wa kule wamekaa bega kwa bega.

Aliyefundishwa arudhi ya Kiswahili hawezi kuitazama picha hiyo asiukumbuke mshororo: mizani nane za ukwapi, nane za utao, na katikati mkato ambapo msomaji huvuta pumzi na kina cha kati husikika. Nimeitazama mechi hii kwenye runinga kwa miaka kadhaa, na kila mara najikuta nikiisoma hivyo, kama utungo wenye vipande viwili vya mizani sawa. Nataka kulihakiki umbo lake, kwa sababu naamini umbo hilo ndilo lililoiokoa pale fedha za runinga zilipozizima mechi nyingine za jadi.

Kwanza mahali. Mechi hii ya futiboli ya Kimarekani huitwa kwa jina la Mto Red, mto unaotenganisha majimbo ya Texas na Oklahoma. Timu hizi zilikutana mara ya kwanza mwaka 1900, na tangu 1929 hazijakosa kukutana hata mwaka mmoja. Dallas iko karibu katikati ya Austin, kilipo chuo cha Texas, na Norman, kilipo cha Oklahoma. Kila upande husafiri kiasi cha saa tatu kwa gari. Hakuna anayeamka nyumbani kwake.

Lakini kuuita uwanja huu huru na kuishia hapo ni kusoma nusu ya mshororo. Dallas ina mwenyeji wa tatu. Mechi huchezwa Fair Park, ndani ya maonyesho makubwa ya jimbo la Texas, na mwenye tiketi hupita kwanza kwenye maonyesho yenyewe. Hupita kwenye sanamu ya Big Tex, mchunga ng'ombe mwenye kofia pana na kimo cha futi 55, aliyeungua moto Oktoba 2012 na kusimamishwa tena mwaka uliofuata. Hununua soseji iliyochomekwa kijiti, ikachovywa kwenye rojo la unga wa mahindi na kukaangwa, akaila amesimama, huku mafuta yakimtiririka vidoleni. Watani wa jadi hupanga foleni moja mbele ya kikaango kimoja. Na wachezaji nao wana njia yao ya pamoja: timu zote mbili huingia uwanjani kwa kupitia korido moja tu, upande mmoja wa uwanja. Mpangilio wote unawalazimisha watu kukaribiana kabla haujawatenganisha.

Kisha sauti. Katika uwanja wa nyumbani, sauti ni moja. Mwenyeji akifunga, uwanja unalipuka. Mgeni akifunga, uwanja unanyamaza. Pale Dallas kila tukio lina sauti mbili kwa wakati mmoja, mlipuko upande huu na kimya upande ule, na sikio linasikia mpaka kama jicho linavyouona.

Chukua mechi ya tarehe 9 Oktoba 2021. Katika mchezo wa kwanza kabisa wa Texas kushika mpira, Casey Thompson alimrushia Xavier Worthy, na Worthy akakimbia nao mpaka mwisho, yadi 75 kwa jumla. Robo ya kwanza iliisha Texas ikiwa na pointi 28 na Oklahoma 7. Nusu ya chungwa ilikuwa imesimama, nusu nyekundu imekaa. Robo ya pili, Oklahoma wakiwa na jaribio lao la mwisho na yadi moja tu ya kupata, waliingiza kijana wa mwaka wa kwanza, Caleb Williams. Alipenya katikati akakimbia yadi 66. Ukitazama mkanda wa tukio hilo, acha kumfuata yeye na uangalie watu walio nyuma yake: wekundu wanainuka kama wimbi, na wimbi linakatika ghafla, wima kabisa, pale yadi 50. Zikiwa zimebaki sekunde tatu, pointi 48 kwa 48, Kennedy Brooks alikimbia yadi 33 hadi mwisho wa uwanja. Oklahoma 55, Texas 48. Furaha ilikuwa imevuka mkato kutoka kipande kimoja hadi cha pili, na waliokaa mpakani waliuona uvukaji huo kwa macho yao.

Umbo hili lina ukatili wake pia. Mwaka 2022 Texas walishinda 49 kwa 0, na muda mrefu kabla ya mwisho nusu ya Oklahoma ilianza kuondoka. Kilichobaki ni uwanja uliojaa upande mmoja na viti vitupu upande wa pili. Sijui mchezo mwingine ambao matokeo yake yanasomeka hivyo kwenye viti, hata kabla hujatazama ubao.

Sasa runinga. Yenyewe ina mikato yake. Pembeni mwa uwanja husimama mtu mwenye kofia nyekundu, na kazi yake ni kumwashiria mwamuzi kwamba matangazo ya biashara yameanza au yamekwisha. Wachezaji 22 husimama wakimngoja. Mara nyingi timu ikifunga yanakuja matangazo, mpira unapigwa kuanzisha upya, halafu yanakuja matangazo tena. Mtunzi mzuri hauweki mkato katikati ya neno. Runinga inauweka popote biashara inapotaka, hata pale ambapo hamasa ndiyo kwanza inapanda. Mwaka 2023 sheria ilibadilishwa ili saa isisimame tena kila timu inapopata jaribio jipya la kwanza, isipokuwa katika dakika mbili za mwisho za kila nusu. Mchezo ukapunguzwa. Mapumziko ya matangazo hayakuguswa na sheria hiyo, na hilo linaniudhi kwa dhati, kwa kuwa aliyekatwa ni mshairi, si mpiga chapa.

Mlango wa biashara hii ulifunguliwa mahakamani, na Oklahoma wenyewe walikuwa kati ya waliousukuma. Zamani chama cha michezo ya vyuo, NCAA, ndicho kilichoamua ni mechi zipi zionyeshwe na kila chuo kionekane mara ngapi. Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia vilishtaki, na Juni 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba udhibiti huo ulivunja sheria ya ushindani. Tangu hapo haki za matangazo zikawa za vyuo, na vyuo vikaziuza kwa pamoja kupitia miungano yao, ile inayoitwa konferensi. Nguvu ikahamia huko. Chuo kikauliza swali jipya: tukihamia konferensi ipi, tutapata kiasi gani?

Jibu la Texas mwaka 2011 lilikuwa kuanzisha chaneli yao wenyewe pamoja na kampuni ya runinga ya ESPN, kwa mkataba wa miaka 20 wa dola milioni 300. Majirani zao wa Texas A&M walichukizwa, wakahamia konferensi ya SEC mwaka 2012, na mechi ya vyuo hivyo viwili, iliyokuwa ikichezwa kwa zamu Austin na College Station, ilikatika baada ya 2011. Ilirudi 2024 tu, baada ya Texas nao kuingia SEC. Oklahoma na Oklahoma State walikuwa wamekutana kila mwaka tangu 1910, wakipishana viwanja vyao vya nyumbani. Oklahoma walipoondoka na Texas kwenda SEC, mkutano wa Novemba 2023 ukawa wa mwisho kwenye ratiba: Oklahoma State 27, Oklahoma 24. Mwaka 2024 haukuchezwa. Zaidi ya miaka mia moja ya kukutana ilishindwa kupata Jumamosi moja.

Kwa nini ya Dallas ikabaki? Wengi watajibu kwamba ni kwa sababu timu zote mbili zilihama pamoja. Jibu hilo halitoshi. Kwa miongo mingi kabla ya 1996 Texas ilikuwa konferensi moja na Oklahoma nyingine. Hawakuwa na wajibu wa kukutana, na bado walikutana kila Oktoba. Walikaa pamoja katika konferensi ya Big 12 kuanzia 1996. Kisha wakalipa jumla ya dola milioni 100 ili waondoke mapema, na tarehe 1 Julai 2024 wakaingia SEC. Mpangilio umebadilika mara mbili, mechi haijatikisika. Ahadi yake haikuwa kwa konferensi. Ilikuwa kwa mahali na kwa msimu, kwa Dallas na maonyesho yake. Fedha za runinga zikibadili bahari ya utungo, mizani yake iko kwingine.

Nitajipinga mwenyewe kwa mfano mmoja, kwani bila huo hoja yangu ingekuwa nyepesi. Kansas na Missouri ni watani wa zamani sana, na uhasama wao una mizizi katika vita vya mpakani vya kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kuanzia 2007 hadi 2011 walihamishia mechi yao Arrowhead, uwanja wa Kansas City, jiji lililo kati ya vyuo hivyo. Uwanja huru, jiji kubwa, runinga tele. Missouri ilipohamia SEC mwaka 2012, mechi ilikufa palepale, na haikurudi hadi 2025. Kumbe uwanja huru peke yake hauokoi kitu. Arrowhead ulikuwa ukumbi wa kukodi kwa miaka mitano. Haukuwa na Big Tex wake wala foleni ya pamoja, na hakuna mjukuu aliyekuwa ameahidiwa kupelekwa huko na babu yake.

Umbo lililobuniwa kwa ajili ya runinga tunalijua pia. SEC iliongeza Arkansas na South Carolina ili ifikishe wanachama 12, kwa kuwa kanuni ya wakati huo iliruhusu konferensi ya ukubwa huo, iliyogawanywa pande mbili, kucheza fainali. Fainali ya kwanza ilikuwa 1992, Alabama 28 na Florida 21, na ilichezwa Birmingham, ndani ya jimbo la Alabama lenyewe. Huru kwa maandishi. Kuanzia 1994 imekuwa Atlanta. Ni mchezo wenye hamasa, siukatai. Lakini wachezaji wake hubadilika kila mwaka kulingana na msimamo, na mashabiki hawajui mpaka Novemba kama watakuwa ukwapi au utao. Huo ni mshororo wenye mizani lakini bila vina.

Thamani nayo ina namba zake. Kampuni ya runinga ya CBS ilikuwa ikiilipa SEC kiasi kinachokadiriwa kuwa dola milioni 55 kwa mwaka kwa mechi bora ya wiki. Mkataba uliofuata na ESPN na ABC, ulioanza 2024, ulikadiriwa kuwa dola milioni 300 kwa mwaka. Mechi ya Dallas sasa imo ndani ya mkataba huo. Wanunuzi wanadhani wamenunua timu mbili maarufu. Mimi nasema sehemu kubwa ya walichonunua ni ule mstari unaopanda jukwaani, ambao hakuna kampuni ya runinga iliyouchora.

Ndiyo maana naomba kitu kimoja kwa wanaopanga ratiba na wanaohesabu mapato. Kuna wanaoshauri mechi hii ichezwe kwa zamu Austin na Norman, ili kila chuo kipate tiketi zote za mwaka wake na wanafunzi waione nyumbani. Wengine wanautamani uwanja mpya zaidi wa Arlington, wenye paa na vyumba vya matajiri. Wasiwasikilize. Mechi ikienda Austin itakuwa na sauti moja, ikienda Arlington itakuwa na ukumbi, na hakuna kati ya hizo mbili itakayokuwa na foleni ya soseji ambapo shati la chungwa linasimama nyuma ya shati jekundu, wote wawili wakingoja mafuta yachemke.