Saa ya Ocol, Majira ya Lawino: Kuusoma Wimbo wa Lawino kutoka Arua na Koboko

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano wa kazi, nguvu za mwili na majira katika sehemu ya 7 ya Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek. Yanahoji usomaji uliozoeleka unaoiona sehemu hiyo kuwa mgogoro wa ukale na usasa tu. Hoja inayotetewa ni kwamba Lawino anatoa maelezo ya maana kuhusu namna mwili na ardhi vinavyopangiana kazi, lakini hayafikishi kwenye mamlaka iliyoyavuruga majira yenyewe. Mazingira ya Arua na Koboko yanadhihirisha nguvu ya hoja hiyo pamoja na upungufu wake.

Utangulizi

Utenzi huu ulichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1966 jijini Nairobi, na msomaji wa Kiswahili aliupata mwaka 1975 kupitia tafsiri ya Paul Sozigwa. Katika sehemu ya 7 Lawino analaumiwa na mumewe kwa kutojua kusoma saa. Ocol anataka chakula kwa wakati uliopangwa, anakasirika mtoto anapolia, na anawakunjia uso wageni kwa kuwa wanampotezea muda wenye thamani ya fedha. Lawino anajibu kwamba mtoto hunyonya anapokuwa na njaa, mtu hulala usingizi unapomjia, na siku hujulikana kwa mahali lilipo jua. Kwake, mumewe amekuwa mtumwa wa wakati.

Wahakiki wengi wameishia hapo: mke ni ukale, mume ni usasa. Mgawanyo huo ni rahisi mno, kwa sababu unamnyima Lawino hadhi ya mtu mwenye hoja na kumwachia hadhi ya mtu mwenye mila.

Nguvu, majira na ukuaji wa mtu

Hoja ya Lawino haimaanishi kwamba kazi haina utaratibu. Anachosema ni kwamba utaratibu wa kazi hutoka katika kazi yenyewe. Mkulima wa Arua atalielewa jambo hili bila mfasiri. Kiangazi cha Desemba hadi Machi ni wakati wa kusafisha shamba, kukarabati nyumba, kuoa na kutembeleana. Mvua zinapoanza, mwishoni mwa Machi au Aprili, nguvu zote huelekezwa shambani, na anayelala wakati huo hatavuna. Mwili hupumzika ardhi inapopumzika na hujikaza ardhi inapodai. Kiswahili nacho kimeihifadhi mizani hiyo: haraka haraka haina baraka, lakini chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Lawino hausemei mwaka peke yake. Anausemea pia umri. Kwake mtu hakui kwa kuhesabu miaka. Hukua kwa yale aliyoyatenda na kwa nafasi aliyoishika miongoni mwa watu. Mwenye mvi asiye na nyumba wala watu bado hajafika. Dhana hii ina ukali wake, hasa kwa asiyeoa au asiyejaliwa watoto, na mhakiki hana budi kuutaja. Hata hivyo inaonyesha kwamba utenzi unauona ukuaji wa mtu kama unavyouona ukuaji wa zao: kila hatua ina kazi yake.

Hapa ndipo nadharia ya John Mbiti inapohitaji kupimwa. Katika kitabu chake cha 1969 Mbiti aliazima maneno ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza kwamba Mwafrika wa jadi huhesabu wakati kwa matukio na kwamba wakati ujao wa mbali ni kama haupo kwake. Sehemu ya kwanza ya dai hilo inaafikiana na Lawino. Ya pili inakanushwa na chungu cha mbegu. Mama wa Koboko anayeacha kula mtama wa mbegu katika miezi ya njaa anaujua wakati ujao, naye anaulipia kwa tumbo lake.

Saa ya Kiswahili na jua la Arua

Kuna jambo ambalo usomaji wa Kiingereza hauwezi kulifichua. Lugha inayompokea Lawino ina saa inayoanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana. Kwa msomaji wa Kiswahili, basi, saa na jua si mahasimu moja kwa moja, na ugomvi wa Ocol na mkewe unapata suluhu ambayo hakuna kati yao aliyeipendekeza.

Suluhu hiyo, hata hivyo, ina makazi yake. Uganda hutumia majira rasmi ya Afrika Mashariki, nayo Arua iko mbali magharibi. Jua huchomoza huko kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache, kwa wastani takriban nusu saa baada ya Zanzibar. Mwanafunzi wa Arua anayefundishwa kwamba saa moja ni saa nzima baada ya macheo anaona kwa macho yake kwamba sivyo. Ndivyo ilivyo pia kwa masika, vuli na kipupwe, maneno yaliyozaliwa katika upepo wa kaskazi na kusi. Mvua za Nile Magharibi huanza Machi au Aprili, hupungua katikati ya mwaka, kisha huzidi kati ya Agosti na Oktoba. Kuiita mvua ya Septemba huko Koboko vuli, yaani mvua chache, ni kumfanya mtoto aliyelowa aamini kitabu kuliko ngozi yake. Kiswahili kikifundishwa hivyo kitakuwa saa nyingine ya Ocol.

Aliyeyavunja majira

Upungufu wa sehemu ya 7 uko katika kumtwika Ocol lawama zote. Lawino, ambaye katika sehemu ya 11 anavishambulia vyama vya siasa bila woga, hapa haangalii nje ya ua wa nyumba. Huko Nile Magharibi majira hayakuvunjwa na saa ya ukutani. Tangu miaka ya 1920 kodi ya kikoloni iliwasukuma wanaume kwenda kusini, yakiwemo mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, na kazi walizoziacha zikawaangukia wake zao. Baadaye tumbaku ikadai mikono katika miezi ileile iliyohitajiwa na chakula. Leo muhula wa kwanza wa shule huanza Februari, na msimu wa kupanda huwakuta watoto darasani. Hakuna hata moja kati ya haya lililoamuliwa na mume mwenye kiburi.

Isitoshe, majira nayo ni bwana. Mwanamke anayenyonyesha mtoto anapolia, akapalilia mvua inapodai na kupika njaa inapobisha, hana saa inayomtawala, lakini pia hana saa inayomwambia kwamba kazi imekwisha. Lawino anausifu mpango huu kwa sauti tamu kiasi kwamba msomaji husahau kumuuliza hupumzika lini.

Hitimisho

Sehemu ya 7 inastahili kusomwa kama hoja kuhusu haki ya kupanga nguvu za mtu. Swali lake kuu halihusu saa au jua. Linahusu ni nani anayeamua mwili utumike lini na kwa faida ya nani. Kwa kuwa Kiswahili kinazidi kuingia katika shule za Uganda, mwalimu wa Arua au Koboko anaweza kuanza somo la majira kwa kuwatoa wanafunzi nje, kutazama jua lilipo na kuuliza nyumbani kwao wanapalilia nini mwezi huo. Baada ya hapo kitabu kifunguliwe.