Robo Saa Iliyowapa Wanawake Mbio Zao

Tarehe 1 Juni 2024, katika mji mdogo wa Emporia, jimbo la Kansas nchini Marekani, wanawake tisa waliingia barabara ya mwisho wakiwa wamesongamana kama siafu. Nyuma yao walikuwa wameacha zaidi ya kilomita 320 za changarawe na saa kumi na ushei za kukanyaga pedeli. Mjerumani Rosa Klöser akafyatuka na kufika wa kwanza kwa saa 10, dakika 26 na sekunde 2. Mholanzi Geerike Schreurs akawa wa pili, Mmarekani Paige Onweller wa tatu.

Kwenye mbio za lami, mwisho wa namna hiyo ni wa kila wiki. Kwenye Unbound Gravel, mbio hizo za Emporia, ulikuwa kioja. Mbio hizi hupita vilima vya Flint Hills, vilivyopewa jina la jiwe gumegume lililotapakaa njiani na kuchana matairi kama wembe. Mvua ikinyesha, udongo unanata kiasi kwamba waendeshaji hubeba kijiti cha kukorogea rangi ili kukwangua tope kwenye magurudumu. Njia kama hiyo hutawanya watu. Huwezi kutegemea wafike tisa kwa pamoja. Kundi lile lilitoka wapi?

Miguu ya wanawake hao ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine imo kwenye ratiba ya asubuhi ile.

Hesabu ya upepo

Aliyewahi kuendesha baiskeli dhidi ya upepo wa kusi anajua raha ya kupata mtu wa kumkingia. Tuiweke raha hiyo kwenye namba. Chukua mwanamke ambaye yeye na baiskeli yake wana uzito wa kilo 70, akienda kilomita 31 kwa saa kwenye changarawe tambarare. Huo ndio mwendo wa wastani wa Klöser siku ile. Kwa makadirio yangu, anahitaji wati 110 hivi kuupasua upepo na wati 70 kushinda msuguano wa tairi na njia. Jumla ni 180.

Sasa mweke nyuma ya mwenzake. Msuguano haupungui, kwani changarawe ni ileile. Upepo ndio unaopungua, tuseme kwa theluthi moja. Anabaki na mzigo wa wati 143 hivi. Ameokoa sehemu moja kati ya tano ya nguvu yake, na mwendo haujapungua hata kidogo. Zidisha akiba hiyo kwa saa kumi uone tofauti yake.

Hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa tatizo. Miaka mingi wanawake na wanaume waliondoka pamoja, au wakatenganishwa kwa dakika chache ambazo vumbi la kwanza lilizimeza. Mwanamke wa mbele alijikuta ndani ya makundi ya wanaume. Aliyefanikiwa kung'ang'ania kundi lenye kasi alibebwa; aliyeachwa mita hamsini kwenye kilima, pengine mwenye miguu bora zaidi, akaangukia kundi la polepole na kupoteza dakika ambazo hakuna nguvu ingeziokoa. Wapinzani wawili wangeweza kushindana siku nzima bila kuonana. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, wahenga walisema, lakini hapa kisu kilikuwa cha kuazima.

Hasara ya pili haikuonekana kirahisi: mbinu zilikufa. Mbio za baiskeli ni mchezo wa kuviziana. Unamchosha mpinzani, unakataa kushika usukani wa kundi, unatoroka wakati wenzako wanakunywa maji. Ukimtoroka mpinzani wako naye akarudishwa na wanaume ishirini wasiohusika na ugomvi wenu, hujapata kitu. Mwanamke mwenye akili ya mchezo alikosa pa kuitumia.

Mwaka 2024 waandaaji wakapanua mwanya. Wanaume wa daraja la juu waliondoka kwanza, muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Wanawake wa daraja la juu wakafuata baada ya robo saa hivi, na washiriki wa kawaida wakazuiwa kwa zaidi ya dakika ishirini baada yao. Mbele hakukuwa na kundi la wanaume la kulidandia, na nyuma hakukuwa na wimbi la kuwameza mapema. Ikawalazimu wakingiane upepo wao kwa wao, na waviziane wao kwa wao.

Vilivyotangulia

Kosa rahisi ni kudhani kwamba robo saa ile ndiyo iliyofanya kazi yote. Ingetolewa mapema zaidi, ingekuwa adhabu. Mbio hizi zilianza mwaka 2006 kwa jina la Dirty Kanza, zikiwa na watu 34. Hata Rebecca Rusch alipotawala upande wa wanawake mwaka 2012 hadi 2014, wanawake walikuwa bado wachache. Watenge wanawake wachache kwenye kilomita 320, na kila mmoja atapasua upepo peke yake kutwa nzima.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ilikuwa idadi. Kwa mbio za 2017, Kristi Mohn, mmoja wa waandaaji, aliendesha kampeni ya wanawake 200 kwa maili 200, na nafasi 200 zikatengwa kwa ajili yao. Mbio zenye waombaji wengi hujaa upesi, na anayesitasita hukuta mlango umefungwa. Kumtengea nafasi ni kumpa muda wa kuamua, kutafuta baiskeli inayofaa na kupanga mazoezi ya miezi.

Hatua ya pili ilikuwa pesa. Kampuni ya Life Time, iliyonunua mbio hizi mwaka 2018, ilianzisha mwaka 2022 mfululizo wa Life Time Grand Prix, Unbound ikiwa mojawapo ya mbio zake. Iliwachagua wanawake 30 na wanaume 30, ikaweka dola 250,000 na kuzigawa sawasawa. Bingwa wa kike na bingwa wa kiume kila mmoja alipata dola 25,000. Kwa mchambuzi, zile nafasi 30 zina uzito zaidi kuliko hundi ya bingwa. Zilihakikisha kwamba wanawake wengi wenye uwezo wa karibu wanakutana tena na tena msimu mzima. Bila wao, lile kundi la watu tisa lisingekuwa na wa kuliunda.

Saa ya kuanza ikaja ya tatu, ikakuta watu wa kutenganisha wapo.

Mipaka ya ushahidi

Tusidanganyike na muda. Mwaka 2023 Carolin Schiff alishinda kwa saa 11 na dakika 46, lakini mwaka huo matope yaliwashusha watu kwenye baiskeli wakatembea. Kulinganisha muda huo na wa Klöser ni kupima hali ya hewa.

Ushahidi bora ni sura ya mbio, na mwaka 2025 ulitoa sura tofauti. Mpolandi Karolina Migoń alitoroka pamoja na Mmarekani Cecily Decker, kisha akamwacha na kumaliza peke yake kwa saa 10, dakika 3 na sekunde 54. Kwa hiyo mwanya hauzai kundi kila mwaka. Unachofanya ni kuwaachia wanawake wenyewe waamue kama watamaliza kwa kundi au kwa mtu mmoja.

Tundu bado lipo. Mwanaume wa daraja la juu aliyepata pancha anaweza kupoteza robo saa ileile, na akikutwa na wanawake anaweza kumkingia upepo mmoja wao, kwa kujua au kutojua. Ratiba pekee haiwezi kuliziba. Panahitajika kanuni na macho ya waamuzi njiani.

Afrika Mashariki ina sababu ya kulifuatilia hili kwa karibu. Migration Gravel Race, mbio za siku nne zilizoanza Kenya mwaka 2021 katika eneo la Maasai Mara, huwaleta wanawake wa ukanda huu kwenye mstari mmoja na wageni, na timu ya baiskeli ya Team Amani ina waendeshaji wa kike na wa kiume kutoka kwetu. Mwandaaji wa huku anayetaka kuiga Emporia asianze na saa ya ukutani. Ahesabu kwanza majina ya wanawake kwenye orodha. Wakiwa sita, fedha za kuweka mwanzo wa peke yao zina kazi bora: nauli, matairi na ada ya kuwaleta wengine sita. Wakifika thelathini, awape robo saa yao, kisha asimame kwenye utepe aone wangapi watafika pamoja.