Shibiri Moja

Kati ya tairi langu la mbele na tairi la nyuma la baiskeli ya Guka pana nafasi ya shibiri moja. Tunakwenda kilomita 38 kwa saa kwenye barabara ya Mai Mahiu kuelekea Naivasha, Mlima Longonot ukiwa mkono wetu wa kushoto. Uso wa Guka siuoni. Naona kiuno ambacho hakichezi, visigino vinavyopanda na kushuka bila papara, na mnyororo uliofutwa vizuri hata ukimulikwa na jua unamemeta. Lami inapanda kidogo, inashuka, inapita juu ya daraja lenye kiungo kibovu, na shibiri ile inabaki shibiri. Kwa dakika nne nzima sijagusa breki hata mara moja.

Guka ni mwendeshaji wa ridhaa. Ana miaka 58, na tangu nimjue hajashinda mbio zozote. Vijana wa klabu yetu ndogo ya mjini Kikuyu ndio waliompa jina hilo, ambalo kwa lugha ya Kikuyu ni babu, na sasa hata sisi watu wazima tunamwita hivyo. Nimekuwa naye barabarani miaka sita. Nimewaona wengi wenye miguu ya nguvu kuliko yake, na wenye baiskeli za bei ya pikipiki. Lakini mgeni akija klabuni akitaka kujua ufundi wa kazi hii ni nini, namwambia akae nyuma ya Guka kwa nusu saa, kisha aniambie amechoka kiasi gani.

Asiyewahi kukimbia mbio za barabarani hudhani shida yote ni mlima. Kwenye tambarare, shida ni hewa. Mwendo ukifika kilomita 40 kwa saa, zaidi ya robo tatu ya nguvu unayoitoa miguuni huishia kupasua hewa tu. Na hewa haina huruma: ukitaka kwenda kasi maradufu, inakudai nguvu mara nane. Ndiyo maana waendeshaji hujificha nyuma ya mgongo wa mwenzao. Aliye nyuma ya mtu mmoja hupunguziwa karibu theluthi ya kazi. Katika msafara mkubwa nafuu inazidi hapo. Mwaka 2018 Bert Blocken wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, na wenzake walichunguza mfano wa msafara wa waendeshaji 121, wakakuta kwamba walio ndani kabisa, kuelekea nyuma, hupambana na asilimia 5 hadi 10 tu ya upinzani wa hewa unaompata anayekwenda peke yake.

Nafuu hiyo ina sharti lake, nalo ni ukaribu. Ukiachia mita mbili, upepo umeshaingia katikati na unaanza kulipa mwenyewe. Ukisogea hadi shibiri moja, umeyaweka meno yako mikononi mwa mtu aliyekupa mgongo. Matairi yakigusana, anayeanguka kwa kawaida ni wa nyuma. Wa mbele anaweza kuendelea na safari asijue hata kilichotokea. Kwa hiyo mwendeshaji mzuri wa msafara ni yule anayeendesha kwa ajili ya watu asiowaona.

Guka alijifunzia wapi jambo hilo? Alilijifunza kwa maziwa. Akiwa na miaka 16 alikuwa akipeleka maziwa kwa Black Mamba, ile baiskeli nzito nyeusi ambayo kila mtu wa umri wake aliwahi kubebea kitu. Aliyatoa kwa wafugaji wa Limuru akayashusha kwenye mikahawa ya Kikuyu, mikebe miwili ya aluminiamu ikiwa imefungwa kwenye keria kwa vipande vya tyubu kuukuu. Mzigo wa magunia ukishafungwa umetulia, lakini maziwa ni mzigo unaotembea. Ukivuta breki ghafla yanakimbilia mbele na kuisukuma baiskeli. Ukikata kona kwa pupa yanalalia upande mmoja na kukuvuta mtaroni. Ukianza kupiga pedali kwa kishindo yanarudi nyuma na gurudumu la mbele linakuwa jepesi mikononi. Kwa miaka tisa, kila alfajiri, alijizoeza kuanza polepole, kupunguza mapema, na kuchagua njia yake kabla hajaifikia. Methali inasema maji yakimwagika hayazoleki. Yeye husema maziwa, na husema bila kucheka, kwa sababu yakimwagika aliyalipa yeye.

Leo mkebe umeondoka kwenye keria na mahali pake pamekaa watu. Guka ana kipimo kimoja cha mwendeshaji, na sijasikia kingine kilicho bora: ukitaka kumjua mtu, usimtazame yeye, sikiliza breki za walio nyuma yake.

Kazi huanza Jumamosi jioni, nje ya nyumba yake. Hugeuza baiskeli kichwa chini, miguu juu, akazungusha gurudumu, akashikilia njiti ya kiberiti kando ya ringi. Ringi ikiwa imepinda hata unene wa ukucha, njiti inapiga mlio: tik, tik, tik, mahali palepale kila mzunguko. Hapo huacha kutazama, akaanza kusikiliza. Huzikwangua spoku kwa kidole moja baada ya nyingine, kama mpiga zeze anayetafuta sauti, mpaka afike kwenye ile iliyolegea, yenye mlio mzito na mfu. Huikaza robo mzunguko. Kisha hulegeza kidogo jirani yake wa upande wa pili. Huzungusha tena. Nilipoanza kumtazama nilidhani atamaliza kwa dakika tano. Gurudumu moja linaweza kumchukua saa nzima, na mikono haiongezi kasi hata giza likiingia.

Kwenye tairi hutumia gumba. Zamani, anasema, walijaza upepo mpaka tairi likawa gumu kama jiwe, wakiamini ndiyo kasi. Siku hizi matairi yamepanuka, milimita 28 badala ya 23, na upepo unaojazwa umepungua, kwa sababu tairi gumu kupita kiasi kwenye lami yenye makovu hurukaruka, na likiwa hewani halikupeleki mbele. Mnyororo huupa tone la mafuta kwa kila kiungo, huuzungusha, halafu huyafuta yote ya nje kwa fulana kuukuu. Mafuta yanayofaa ni yale yaliyoingia ndani. Yaliyobaki nje yanakaribisha vumbi.

Mazoezi yetu makubwa ni kushuka Bonde la Ufa kwa ile barabara ya zamani iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, ambao kanisa lao dogo la mwaka 1942 lingali limesimama kando ya mteremko. Vijana hupenda kushuka huko kwa mbwembwe. Guka hushuka akiwa kimya. Hupunguza mwendo kabla ya kona, akiwa bado wima, kisha huachia breki na kuingia, mguu wa nje ukiwa chini na uzito wote umeukalia, macho yakiwa mahali kona inapoishia. Breki huzikamata na kuziachia, kuzikamata na kuziachia, zisipate moto. Kwa macho haonekani kuwa na kasi. Chini Mai Mahiu anafika na walewale waliopita wakipiga kelele, na yeye mapigo ya moyo yametulia.

Kikuyu si mahali pageni kwa mchezo huu. Ni hapa, kijijini Mai-a-Ihii, mwendeshaji David Kinjah aliwakusanya vijana waliokuja kuitwa Safari Simbaz, na ni kwake kijana mmoja aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, Chris Froome, alikuja kujifunza kabla ya kushinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Tulimwona Mkenya mwenzetu Suleiman Kangangi akimaliza wa tatu kwenye Tour du Rwanda ya 2017, na tukamlia Agosti 2022 alipofariki katika mbio za barabara za kokoto Vermont, Marekani. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, yakafanyika Kigali. Tuliyafuatilia kwenye simu moja, vichwa tisa vimeinama. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Vijana walimtazama Tadej Pogačar, mshindi. Guka alikuwa akituonyesha watu wengine, wale waliokaa mbele ya msafara saa za mwanzo, wakimkinga kiongozi wao na upepo, kisha wakaishiwa na kujitoa kabla ya mwisho. “Andikeni na hao,” alisema. Kwenye orodha ya waliomaliza hawamo.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa ambalo kila mgeni hulifanya. Tulikuwa watu wanane tukipokezana zamu za mbele, mstari mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, kama mnyororo unavyozunguka gia. Zamu yangu ilipofika nilitaka wajue kwamba nimo. Nikakanyaga. Kwa sekunde kumi nilijiona simba, na nilipogeuka nyuma mstari ulikuwa umekatika vipande vitatu, wawili wakihema kuziba pengo na mmoja ameachwa kabisa. Guka alisogea ubavuni pangu. Hakupandisha sauti.

“Mwalimu,” alisema, “umepokezwa mkebe, umeanza kukimbia nao.”

Nililifikiria neno hilo wiki nzima darasani. Anayefika mbele hatakiwi kuongeza mwendo hata kidogo. Anayeondoka ndiye anayepunguza nukta moja, akateleza pembeni, na kasi ya mstari ikabaki ileile, hata anayetazama kutoka barazani asijue kwamba wa mbele amebadilika. Nilihitaji karibu misimu miwili kujifunza kutojionyesha.

Jumapili moja ya mbio tulikuwa waendeshaji 60 hivi kutoka klabu mbalimbali: mafundi wa umeme, wanafunzi, askari wawili, muuza mitumba, na kapteni wetu, mama wa watoto wawili anayeshona sare za shule. Njia ilikuwa Mai Mahiu hadi Naivasha na kurudi, karibu kilomita 80. Msafara wenyewe una lugha yake. Kidole kikielekezwa chini, kuna shimo upande huo. Mkono ukipungwa nyuma ya mgongo, mbele kuna gari lililosimama au mtu anayetembea. Kiwiko kikitikiswa, zamu ni yako. Mbele ya vituo vya biashara kapteni alipaza sauti, “Tuta!” na neno likarudishwa nyuma kutoka kinywa hadi kinywa, mpaka wa mwisho, ambaye hangeweza kuliona.

Wakati wa kurudi upepo uligeuka. Ulikuwa ukitoka upande wa Longonot, ambayo sasa ilikuwa kuliani, na ukatupiga ubavuni. Upepo wa namna hiyo huvunja misafara, kwa sababu kinga haipo tena nyuma ya mwenzako. Ipo pembeni yake. Waendeshaji wanaojua hujipanga mshazari, kila mmoja akijiegesha kushoto kidogo nyuma ya aliyemtangulia, mpaka upana wa njia uishe. Nafasi ni za watu sita au saba. Wengine wote hubaki wamejipanga ukingoni mwa lami, kila mtu na upepo wake, na huko ndiko mbio hupotelea.

Kapteni alipiga mluzi. Guka akahamia upande wa upepo, sisi tukafunguka nyuma yake kama kipepeo. Anayemaliza zamu huondokea kule upepo unakotoka, akarudi nyuma polepole huku akiwakinga wanaopanda. Hata katika kupumzika bado anafanya kazi. Tulizunguka hivyo kilomita kumi na mbili. Kijana wetu wa miaka 19, ambaye ndiye tuliyekuwa tukimlinda, tulimpa zamu fupi kuliko zetu. Hakuna aliyelalamika, wala hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Zamu yangu ya mwisho ilinikuta zimesalia kilomita tatu. Miguu ilikuwa mizito kama risasi, na kijiji cha mwisho kilikuwa kikitokea mbele. Nilifika mbele kwa kasi ileile niliyoikuta. Niliona shimo mita arobaini kabla, nikaanza kulikwepa palepale, kidogo kidogo, nikanyoosha kidole. Upepo uliponisukuma niliegemea bila kuyumba. Nilihesabu pumzi ishirini, nikapunguza nukta moja, nikaondokea kulia, na mstari ukanipita bila kukatika. Kijana wetu alimaliza wa tatu. Mimi na Guka tuliingia pamoja, katikati ya wengine.

Tulikaa kwenye kivuli cha duka, tukila viazi vitamu ambavyo kapteni alikuwa amevifunga kwenye kitambaa. Guka alikuwa nyuma yangu moja kwa moja katika ile zamu ya mwisho, na nilitamani kumuuliza, lakini nikaona haya. Alimaliza kiazi chake, akaifuta mikono, akaigeuza baiskeli kichwa chini.

“Mwalimu,” alisema akiwa ameutazama mnyororo, “leo sikugusa breki.”

Kisha akaitoa ile fulana kuukuu, akaanza kufuta.