Sakado, paspoti, na Mtogo aliyefika Greenland

Ndugu wenzangu, tangu mwezi wa tatu niko napanga safari. Siyo ya kwenda kutafuta maisha Ulaya. Ni ya kutembea miezi mine na sakado mgongoni: kutoka Lubumbashi, kupita Kasumbalesa, kupanda treni ya TAZARA kule Kapiri Mposhi mpaka Dar es Salaam, kisha Nairobi, kisha Kampala. Niko na dola 1,400 nilizoweka kidogo kidogo tangu nimalize lisansi ya agronomia. Mama anajua hizo feza zilikuwa za kulima hekta mbili za mahindi. Njo maana sikutaka kuamua na kichwa changu peke yake. Nilisoma vitabu viwili.

Cha kwanza ni Lonely Planet ya Afrika, chapa ya zamani, yaya wangu aliikuta sokoni. Kazi nzuri, sikatai. Inakuonyesha bisi, kitanda cha bei ndogo, na mahali pa kula. Lakini soma vizuri uone inasema na nani. Waanzilishi wake, Tony na Maureen Wheeler, walitoka London mwaka 1972, wakapita Asia kwa barabara, wakafika Sydney wakibaki na senti 27. Mwaka uliofuata wakatoa kitabu chao cha kwanza. Hadithi hiyo ya senti 27 inapendwa sana na watu wa sakado. Sasa ebu mutume Mkongomani afike mpaka wowote na senti 27! Kwetu paspoti peke yake, kwa miaka mingi, ilikuwa dola 185, kisha ikashushwa mpaka 99. Ukitaka kugusa Ulaya, kuomba tu viza ya Schengen ni euro 90, hata wakikukatalia hazirudi, na bima lazima ifunike euro 30,000. Kitabu kinachukua paspoti kama kintu cha mufuko tu. Kwetu paspoti ni sura ya kwanza ya safari, na pengine ya mwisho.

Cha pili ndicho kilinikamata. L'Africain du Groenland cha Tété-Michel Kpomassie, kilitoka mwaka 1981. Huyu ni kijana wa Togo. Akiwa juu ya mnazi alikutana na nyoka, akaanguka, akapelekwa kutibiwa kwa kuhani wa kike wa chatu katika msitu, na baba akaahidi kumtoa mtoto awatumikie hao nyoka. Siku zile akakuta katika duka la vitabu kitabu juu ya Greenland. Inchi haina miti, haina nyoka. Akatoroka. Alitumia karibu miaka 8 kupanda Afrika ya Magharibi na Ulaya, akifanya kazi, akiweka makuta, akisonga tena, mpaka akashuka kusini mwa Greenland katikati ya miaka ya 1960.

Miaka minane! Sisi tunapanga miezi mine na tunalia kwamba ni mirefu. Lakini mtu wa inchi yetu anaelewa ile hesabu mara moja: kukaa kwanza, kupata watu, kupata makuta, halafu kusonga. Na kule Greenland hakuwa na hoteli kwenye karatasi. Alilala katika nyumba za watu, akala mafuta ya sili mabichi pamoja nao, akajifunza luga yao. Kurasa za chakula na za kulala ndizo nzuri kuliko zote, kwa sababu haziandiki mahali, zinaandika wenyeji.

Lakini nina neno naye. La kwanza, ile miaka ya njiani inapita haraka sana, sehemu kubwa ya kitabu ni Greenland. Mimi ningetaka hesabu zaidi ya kila kituo, maana njo pale kijana wa leo anashindwa. La pili ni zito. Kusini anakuta pombe, nyumba za Wadenmark, vijana wasio na kazi, anavunjika moyo, anasonga kaskazini kutafuta wawindaji wa kweli, wale wa picha aliyoiona Togo. Hapa nilifunga kitabu kidogo. Si ndivyo wageni wanavyotufanyia? Wanafika Lubumbashi, wanaona magari na watu wa tai, wanauliza: Afrika ya kweli iko wapi? Kpomassie anaona mengi kwa jicho safi, ila jambo hili la kwake mwenyewe halitazami vya kutosha.

Kisha nikarudi kwenye daftari yangu. Nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu: «Kijiji cha Wamaasai, siku 2». Nani aliniita kule? Hakuna. Nimefuta.

Sasa mupango umegeuka. Pembeni ya kila mji hakuna tena majina ya hoteli, kuko majina ya watu: Dar es Salaam ni binamu wa baba mudogo, Nairobi ni dada tuliyesoma naye (Kenya iliondoa viza kwetu mwaka 2023, huo ni uzito mmoja umetoka). Kampala bado sijapata mutu. Kati ya vituo saba nina majina matatu. TAZARA kwa karatasi ni kama siku mbili kwa kilomita 1,860, lakini kila aliyepanda anakuambia beba chakula cha siku ine.

Mama hakuuliza habari ya Greenland. Aliuliza: «Ukigonjwa huko Dar, nani atanipigia simu?» Nikamwonyesha jina. Akanyamaza, kisha akasema tulime hekta moja kwanza. Mbegu nimeshanunua, mvua ikianza vizuri tunapanda mwezi wa kumi na moja. Treni itangojea mavuno, mwezi wa tano hivi.

Kitabu kiko kwa rafiki mmoja wa promosio yetu. Anayekitaka nyuma yake aseme hapa, lakini kurasa za mwanzo zimeanza kutoka, mukishike vizuri.