Shina la Moto

Sokoni Mukuyuni fundi wa gesi husifiwa kwa sababu jiko alilolirudisha linawaka moto mkubwa. Ndimi zinapanda mpaka kwenye masikio ya sufuria, mwenye hoteli anaridhika, jirani anaomba namba ya fundi. Inaudhi, kwa kuwa mara nyingi ukubwa huo ndio ushahidi wa kazi mbovu. Njia ya mkato ni ileile: nozo imeziba, basi fundi anachukua sindano ya kushonea na kuitoboa. Tundu la milimita 0.5 likifika milimita 0.6, gesi inayopita kwa presha ileile inaongezeka kwa asilimia 44, ilhali hewa inayovutwa shingoni mwa kichomeo haiongezeki kwa kiwango hicho. Gesi iliyokosa hewa haiungui yote. Inatoa masizi, inatoa monoksidi ya kaboni katika chumba cha kupikia chenye dirisha moja, na mtungi wa kilo 6 unakwisha kabla ya siku zake. Kisha lawama zote anabebeshwa muuza gesi.

Asiyejua hutazama ncha za moto. Anayejua huinama, akaomba taa izimwe kama mwanga ni mwingi, akatazama shina, pale moto unapokutana na chuma. Kwenye kila tundu la kichomeo kilicho sawa husimama koni ndogo ya buluu inayoelekea kijani, yenye ukingo mkali, bila pengo kati yake na chuma. Koni zote ziwe na kimo kimoja kuzunguka duara. Zikiwa fupi upande mmoja, ama kifuniko kimekaa kombo, ama matundu ya upande huo yamezibwa na uji uliomwagika. Zikielea juu ya chuma huku moto ukivuma, hewa imezidi au presha imepanda. Zikilegea na kupoteza ukingo, hewa haitoshi, na hapo nyigu na buibui washukiwe kwanza, maana shingo ya kichomeo kilichokaa bila kuwashwa ni nyumba nzuri kwao. Moto ukilia ndani ya kichomeo wakati wa kuzimwa, ulikuwa umeanza kurudi nyuma. Haya yote husomwa moto ukiwa mkubwa, halafu husomwa tena ukiwa umepunguzwa hadi mwisho na sufuria ya maji baridi ikiwa juu, kwa sababu koni inayosimama vizuri peke yake huweza kulegea mara tu sufuria inapobana njia ya hewa.

Kuna watakaosema rangi ya buluu inatosha kuwa kipimo. Haitoshi. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara huingia kwenye moto na kuwasha cheche za rangi ya chungwa. Chumvi ya mchuzi uliofurika hufanya hivyohivyo, na kichomeo hakina kosa lolote. Kwa upande mwingine, mdanganyifu hufungua mlango wa hewa wa kichomeo mpaka mwisho, akapata buluu ya kupendeza mbele ya mteja, na moto ule huzimika upepo ukipita kwenye mlango wa chumba. Tena vilima vya Mukuyuni viko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo kichomeo kilichorekebishwa pwani hakina budi kurekebishwa upya huku.

Kuwasha ni jambo jepesi zaidi. Spaki ikilia bila gesi kushika, kausha ncha, futa mafuta, kagua kauri yake kama ina ufa, kisha kalisha kifuniko sawasawa. Moto ukishika wakati kitufe kimebonyezwa na kufa kikiachiliwa, kile kijiti cha shaba kilicho kando ya moto ni kichafu, hakiguswi na moto, au nati yake imelegea. Anayekifunga kitufe kwa waya kisichomoke, gesi ikaendelea kutoka hata moto ukizimika, asiitwe fundi.

Mafundi wa zamani wa stovu na karabai hawangetoboa nozo kwa sindano ya kushonea. Walilelewa na pini nyembamba iliyotengenezwa kwa tundu moja tu, wakajua kwamba nozo husafishwa bila kupanuliwa, nao walitambua moto mbaya kwa sauti kabla hawajauona. Vichomeo vya shaba walivyopenda bado vinashinda vya aluminiamu. Wengi wao wameacha kazi, na mkono ule umepungua sokoni.

Mwenye hoteli atajibu kwamba muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, hauivi kwa moto mdogo, na nozo mpya ni gharama. La kwanza lina ukweli wake, na dawa yake ni kununua kichomeo kikubwa chenye nozo yake, kwa maana ndimi za manjano hupita kando ya sufuria na masizi yake huzuia joto lisiingie. La pili si kweli mara nyingi: nozo nyingi zinahitaji maji ya sabuni, mswaki mzee, unyuzi mmoja wa waya laini ulio mwembamba kuliko tundu, na subira ya kuinua nozo kwenye mwanga mpaka tundu lionekane la mviringo. Kabla ya kulipa, jiko likiwa na vichomeo viwili, viwashe pamoja. Koni za kichomeo cha kwanza zikinywea wakati cha pili kinawaka, kosa liko kwenye regyuleta au paipu, na kichomeo kilifunguliwa bila sababu. Kisha paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kiberiti kikiwa mbali, na yakitoa mapovu pale kwenye nati, fundi aifungue aifunge upya kabla hajashika pesa.